Friji gadi, stabilaiza, UPS au inveta: uchague kipi kwa umeme wa kwako Dar

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo useme friji lako limeungua kwa sababu umeme unacheza. Utatoka na stabilaiza. Sema kompyuta, utatoka na UPS. Sema umechoka na kukaa gizani, utaonyeshwa inveta na betri ya kubebwa na watu wawili. Muuzaji hakuibii, anakupa kinachotoka sana. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuuliza umeme wa kwako unacheza vipi, na vifaa hivi vinne, ukihesabu na friji gadi inayokata umeme ukicheza, havifanyi kazi moja. Nyumba moja stabilaiza inaweza kuokoa friji, na jirani yake nyumba tatu mbele akinunua hiyohiyo akawa amenunua boksi la kupasha sebule joto.

Msimamo wangu niuseme mapema: chagua kwa kufuata tatizo la umeme ulilonalo, halafu nunua vifaa vichache kadiri tatizo hilo linavyoruhusu. Kila kinga unayoichomeka ni kifaa kingine cha umeme, na chenyewe siku moja kitaharibika.

Umeme wako una tatizo gani?

Kuna umeme mdogo. Nyumbani unatakiwa upate volti 230, na vifaa vingi vinavumilia asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya 207 na 253. Ukikaa mwisho wa laini ndefu, au transfoma ya mtaa imezidiwa, jioni watu wanapowasha pasi, majiko na AC mita inaweza kusoma 170 au chini ya hapo. Balbu za LED hazitakuonyesha kitu. Friji litakuonyesha: linanguruma kidogo, linanyamaza, linajaribu tena. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hushuka kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo kwenye volti 160 mota imebaki na asilimia 48 tu ya nguvu yake. Inakwama, inavuta ampia nyingi, na waya zilizosukwa ndani ya kompresa zinaungua taratibu.

Kuna umeme mkubwa unaodumu. Huu ndio unaoua TV za mtaa mzima kwa usiku mmoja, na kesho yake kila mtu anasema umeme ulirudi kwa nguvu. Mara nyingi kilichotokea ni nyutro (waya wa kurudishia umeme) kulegea au kukatika. Laini ya mtaani ina fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme. Kati ya fezi na nyutro ni volti 230, kati ya fezi na fezi ni 400. Nyutro ikikatika, nyumba za fezi mbili zinajikuta zimeungwa kwa mfuatano kwenye hizo 400, na mwenye mzigo mdogo ndiye anayepelekewa volti nyingi. Mwenye pasi na jiko anaona giza. Mwenye TV na chaja ya simu anapata volti 300 na kitu. Dalili ya mapema ni hii: mtu akiwasha kitu kizito, taa za kwako zinang'aa zaidi badala ya kufifia, au feni inaongeza kasi yenyewe. Ukiona hivyo zima meini swichi, piga TANESCO dawati la dharura, na uwaambie majirani. Usiende dukani kwanza.

Kuna mruko wa ghafla, wa sehemu ndogo kabisa ya sekunde: radi wakati wa masika, au mashine kubwa ya jirani kuzimwa. Kuna kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, mara tano ndani ya dakika mbili. Na kuna kukatika kwa saa nyingi, ambako hakuharibu vifaa kwa kiasi kikubwa ila kunaharibu samaki, biashara na usingizi.

Kujua lako ni lipi hakuhitaji mhandisi. Madukani kuna mita ndogo za kuchomeka kwenye soketi zinazoonyesha volti. Ichomeke wiki nzima, uandike namba asubuhi, mchana, na kati ya saa 1 na saa 4 usiku. Karatasi hiyo ina thamani kuliko ushauri wowote, huu wangu ukiwemo.

Jambo moja kabla hujatumia hela: geuza kifaa chako usome kibandiko cha nyuma. Chaja za laptopu na simu, TV nyingi za kisasa, ruta na dekoda huandikwa volti 100 hadi 240. Hizo umeme mdogo haziujui kabisa. Kuziwekea stabilaiza ni kutupa pesa. Adui wake ni volti kuzidi na miruko. Wenye shida na umeme mdogo ni vyenye mota: friji, deep freezer, AC za kawaida, pampu ya maji, mashine ya kusaga.

Nitavipima kwa maswali gani

Vyote vinne nitaviuliza maswali yaleyale: kinazuia nini, kinashindwa wapi, chenyewe kinakufaje, na kinamfaa nani. Swali la tatu ndilo linalorukwa madukani. Kinga ikikaa mbele ya friji, friji linapata umeme pale tu vyote viwili vikiwa vizima. Kama kila kimoja kina uwezekano wa asilimia 95 wa kumaliza mwaka bila hitilafu, vyote viwili kwa pamoja vimebaki na asilimia 90 hivi. Kinga inajilipa ikiwa tu madhara inayozuia ni makubwa kuliko hitilafu inazoleta yenyewe.

Na ukikuta kwenye karatasi ya UPS au inveta imeandikwa wastani wa saa 100,000 kati ya hitilafu moja na nyingine, usigawe kwa saa 8,760 za mwaka ukapata miaka 11 ukafurahi. Huo ni wastani wa kundi kubwa la vifaa vikiwa katika umri wao wa kati, kabla ya kuchakaa. Kwa hesabu hiyohiyo, kati ya vifaa 100 takriban 8 vitapata hitilafu ndani ya mwaka mmoja. Tena hesabu hufanywa kwa joto maalumu, mara nyingi nyuzi 25. Januari, chumba cha Dar kisicho na AC kinapita nyuzi 30, na ndani ya boksi lenye transfoma ni moto zaidi. Kapasita za maji zilizomo kwenye bodi hupoteza karibu nusu ya umri wake kila joto linapopanda nyuzi 10. Betri za asidi nazo hazipishani sana na kanuni hiyo. Ongeza upepo wa chumvi kwa walio Kigamboni, Kunduchi au Mbezi Beach, unaokula pini, skrubu na miguso ya rilei (swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme). Kifaa kilichoandikwa miaka mitano huko kilikotengenezwa, hapa kipe mitatu, na ukipata zaidi shukuru.

Friji gadi

*Inazuia nini.* Inapima volti, na zikishuka au kupanda kupita mipaka yake (nyingi hukata karibu na 185 kwa chini na 260 kwa juu, lakini soma boksi) inakata. Umeme ukirudi haiurudishi palepale, inasubiri dakika tatu hadi tano. Kusubiri huko ndiyo kazi yake kubwa. Kompresa ikizimika ghafla, gesi ya upande mmoja inakuwa imebanwa kuliko ya upande mwingine, na mota haiwezi kuanza ikisukuma dhidi ya mgandamizo huo mpaka pande mbili zilingane. Umeme unaokatika na kurudi ndani ya sekunde kumi unailazimisha ijaribu hivyo hivyo. Friji gadi inaikatalia. Ile nyutro ikikatika, gadi inakata pia, kwa hiyo kwa bei yake hakuna kinachoikaribia.

*Inashindwa wapi.* Haiongezi volti hata moja. Kama kwako jioni ni 175 kuanzia saa 1 hadi saa 4, gadi itazima friji kwa muda wa saa tatu kila siku, na nyama itaharibika huku gadi ikiwa imefanya kazi yake vizuri kabisa. Mruko wa radi unapita kabla rilei haijasogea. Nyingi zina kavarista kadogo ndani ka kupunguza makali, basi. Pia angalia ampia. Gadi ya plagi ya ampia 13 si ya AC kubwa. AC ina gadi yake ya ampia nyingi zaidi inayofungwa ukutani na fundi.

*Inakufaje.* Rilei yake inaganda ikiwa imefunga. Taa inawaka kijani, umeme unapita, kinga haipo. Hii ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote kwa sababu haijitangazi. Dawa yake haigharimu kitu: kila mwezi ichomoe, ichomeke tena, uhesabu. Ikitoa umeme papo hapo bila kusubiri, imekufa, nunua nyingine. Watu hawafanyi jaribio hili, sijui kwa nini.

*Inamfaa nani.* Mwenye volti nzuri siku nyingi ila umeme wake unakatika na kurudi, au anaogopa volti kuzidi. Ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi za katikati ya jiji.

Stabilaiza

*Inazuia nini.* Umeme mdogo, na hapa haina mpinzani kwenye bei yake. Ndani kuna transfoma yenye matoleo kadhaa, yaani sehemu za kutolea volti tofauti. Mita ikisoma 165, inahamia toleo la kupandisha hadi karibu 230. Ziko za rilei, zinazohama kwa hatua na kusikika "tak, tak", ambazo hutoa volti zenye tofauti ya asilimia 8 hadi 10. Ziko za mota ndogo, zinazosogeza brashi ya kaboni juu ya koili na kutoa volti zilizonyooka zaidi, ila ni taratibu, ghali, na zina kitu kinachosagika. Kwa friji na freezer rilei inatosha. Ile ya mota ina maana kwenye mashine za hospitali na maabara, au za uchapishaji.

*Inashindwa wapi.* Kwanza, ukubwa unaoandikwa. Boksi la VA (volti mara ampia) 1,000 mara nyingi linabeba wati 600 tu, na hizo ni pale umeme unaoingia ni mzuri. Volti zikishuka hadi 150 uwezo nao unashuka, yaani siku unayoihitaji ndiyo siku ni dhaifu. Mota ikianza huvuta ampia mara tano hadi saba ya za kawaida kwa muda mfupi. Ndiyo maana friji la wati 120 linahitaji stabilaiza ya VA 1,000 na wala si la VA 500 analokuchagulia muuzaji kwa kukadiria kwa macho.

Pili, volti hazitengenezwi bure. Mzigo wa wati 1,000 kwenye volti 230 unavuta ampia 4.3. Kwenye volti 150, stabilaiza ikiwa inaupandisha, unavuta ampia 6.7 kutoka ukutani, hapo bado hatujahesabu inachopoteza yenyewe. Waya nyembamba na soketi iliyolegea zitapata moto. Na mtaa mzima ukiweka stabilaiza, zote zinavuta zaidi na volti za mtaa zinashuka zaidi. Kama transfoma yenu imezidiwa, barua ya wakazi wote kwenda ofisi ya TANESCO ya wilaya ni dawa kuliko stabilaiza ishirini, ingawa najua ipi inapatikana leo jioni.

*Inakufaje.* Vibaya. Rilei ya hatua ya kupandisha ikiganda, kifaa kinaendelea kuzidisha hata umeme ukishakuwa mzuri. Uwiano wa kutoa 230 kwenye 165 ni karibu mara 1.4, usiku wa manane umeme ukirudi 235, friji linapelekewa karibu 328. Kwa hiyo usinunue stabilaiza isiyokata pale volti zinazotoka zinapozidi. Muombe muuzaji akuonyeshe kwenye karatasi. Kama unayo tayari na haina, weka friji gadi kati ya stabilaiza na friji. Hapo ndipo pekee ninapokubali kuunganisha boksi mbili.

*Inamfaa nani.* Mwenye karatasi ya wiki inayoonyesha chini ya 200 mara kwa mara, na kifaa chake kina mota ya kawaida. Friji la inveta, lile la kisasa, ni habari nyingine: mengi huvumilia volti za chini na huanza taratibu bila kuvuta ampia nyingi. Soma kitabu chake kwanza. Huenda gadi tu inatosha.

UPS

*Inazuia nini.* Ule muda mfupi wa kukatika unaokupotezea kazi. Za kawaida madukani huhamia kwenye betri ndani ya milisekunde 4 hadi 10, kompyuta haihisi. Nyingi pia hupandisha na kushusha volti kidogo ndani yake, kwa hiyo kompyuta ya mezani haihitaji stabilaiza nyingine mbele.

*Inashindwa wapi.* Muda. Betri ya ndani ni volti 12 na Ah (ampia-saa) 7, zikizidishwa ni Wh (wati-saa) 84, na ukiivuta haraka hupati hata hizo zote. Dakika kumi, kumi na tano, uhifadhi kazi uzime. Nyingi za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi ngazi likiwa kwenye betri, ambalo mota hazilipendi, hivyo usichomeke friji wala feni. Printa ya leza nayo iache nje: ikipasha kile kirola chake inavuta wati nyingi kwa mpigo mmoja na kuizidi.

*Inakufaje.* Betri. Ukiona imevimba au UPS inapiga kelele dakika mbili tu baada ya umeme kukatika, ndiyo hiyo. Kwenye ofisi za joto miaka miwili ni kawaida. Kinachoiua mapema ni kuiacha tupu: umeme umekatika Ijumaa jioni, mmeondoka, betri imekaa bila chaji mpaka Jumatatu, na risasi iliyomo inaota chumvi isiyorudi. Zima kwa swichi yake. Habari njema ni kwamba betri inabadilishwa peke yake, huhitaji UPS mpya.

*Inamfaa nani.* Steshenari, ofisi, duka lenye mashine ya mauzo, mtu mwenye kompyuta ya mezani na kamera za ulinzi. Mwenye laptopu ana betri tayari. Anachokosa ni intaneti, na kwa ruta peke yake kuna vi-UPS vidogo vya volti 12 vinavyoiweka hewani saa kadhaa.

Inveta na betri

*Inazuia nini.* Kukatika kwa saa nyingi. Chukua ya wimbi safi, si lile la ngazi ngazi, hasa kama friji limo. Tuhesabu nyumba ya kawaida: friji wastani wa wati 75 (linazima na kuwaka), TV 80, balbu tano 45, feni 60, ruta 10. Jumla wati 270, kwa saa nne ni Wh 1,080. Ongeza kinachopotea ndani ya inveta, sema 1,200. Betri ya asidi ya Ah 200 ina Wh 2,400 lakini ukitaka idumu unatumia nusu, yaani 1,200. Ya lithiamu ya Ah 100 ina karibu 1,280 na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza. Kwa hiyo ya asidi inafika kwa shida, ya lithiamu inapungukiwa kidogo. Ukiacha TV, zote zinatosha.

*Inashindwa wapi.* Hapa wengi wanashangaa: umeme wa TANESCO ukiwepo, inveta za kawaida zinaupitisha moja kwa moja kwenda kwenye vifaa vyako, na volti zake zilezile. Haziurekebishi. Zinachofanya ni kuhamia betri umeme ukitoka nje ya dirisha, yaani mipaka ya volti inayokubalika, na dirisha hilo lina mipangilio miwili. Ule wa vifaa vya nyumbani huwa mpana mno, 90 hadi 280; ule wa kompyuta huwa 170 hadi 280. Mafundi huacha ule mpana ili betri isitumike ovyo, na mwenye nyumba anaamini friji lake linalindwa huku likila volti 140. Muulize fundi ameweka upi, mbele yako.

Ukiweka dirisha jembamba na umeme wa kwako ni mdogo kila jioni, betri inafanya kazi kila jioni. Mizunguko 365 kwa mwaka. Betri ya asidi yenye mizunguko 500 inaisha kabla ya mwaka na nusu. Lithiamu yenye 3,000 inaenda miaka minane. Hapo ndipo bei kubwa ya lithiamu inapogeuka kuwa ndogo. Lakini kama umeme wako unakatika mara mbili kwa mwezi, mizunguko hiyo hutaiona kamwe, na ya asidi itakufa kwa joto na umri kabla haijafa kwa kazi. Kwa mtu huyo lithiamu ni anasa.

*Inakufaje.* Kwa mahali ilipowekwa. Chini ya ngazi bila hewa, au stoo yenye bati juu, feni inavuta joto, vumbi na chumvi hadi bodi. Weka ukutani sehemu yenye hewa, mbali na dirisha la baharini. Betri za maji hutoa haidrojeni zikichajiwa. Jiko la mkaa au gesi lisiwe karibu, na maji ya betri yaangaliwe kila mwezi. Ukibadilisha asidi kwenda lithiamu, badilisha na mpangilio wa chaji, fundi asikwambie "bosi, itajitambua yenyewe". Tena inveta haikai bure: nyingi hula wati 20 hadi 50 hata zisipobeba kitu. Wati 30 usiku na mchana ni yuniti 21 au 22 za LUKU kwa mwezi.

*Inamfaa nani.* Anayepoteza pesa umeme ukikatika zaidi ya saa moja, au nyumba yenye mgonjwa anayetegemea mashine. Huyu wa mwisho aongeze na mpango wa pili, kwa sababu inveta moja ni kifaa kimoja.

Ambacho hakuna hata kimoja kinatibu

Radi, bila athi nzuri (waya wa kupeleka umeme ardhini), haizuiwi na boksi la kuchomeka. Ekstensheni zenye kinga ya mruko zina varista inayomeza mpigo na kuchoka kidogo kila mara, hadi siku inabaki ekstensheni tu. Kataa isiyo na taa ya kuonyesha kinga bado ipo. Na hazistahimili volti 300 za kudumu, zinaungua. Kinga ya kufungwa kwenye bodi ya umeme ni bora, mradi fimbo ya athi ipimwe, hasa kwenye mchanga wa pwani ambao kiangazi ukikauka haupitishi umeme vizuri. Mawingu ya Aprili yakianza kunguruma, chomoa, pamoja na waya wa antena.

Kwa hali yako

Umepanga chumba na sebule Sinza, una friji, TV na simu, umeme unakatika ila volti ni 220 na kitu: friji gadi moja, na ya TV moja. Basi.

Umejenga pembezoni, nguzo ya mwisho iko kwako, mita inasoma 170 jioni: stabilaiza kwa friji na pampu, ya VA ya kutosha na inayokata volti zikizidi. TV usiiunge humo, ipe gadi yake. Sambamba na hilo peleka malalamiko, na karatasi yako ya wiki uiambatanishe.

Una saluni. Drayeri za nywele huvuta wati elfu moja na zaidi kila moja. Inveta ya kuzibeba ni ya bei ya kufungua saluni nyingine. Inveta ndogo ya taa, feni na mashine za kunyolea, kazi za drayeri zisubiri umeme au jenereta.

Una steshenari: UPS kwa kila kompyuta, fotokopi na printa ya leza kwenye gadi.

Unauza samaki au barafu kwa deep freezer mbili: gadi kila moja kama volti ni nzuri, stabilaiza kama ni ndogo. Kabla ya kufikiria inveta, jaribu kwanza freezer iliyojaa na isiyofunguliwa. Inashika baridi siku nzima na zaidi, huku iliyo nusu ikishika muda mfupi zaidi. Kukatika kwa saa nne hakuiumizi.

Unafanya kazi nyumbani kwa laptopu: ki-UPS cha ruta.

Unakatikiwa kila siku, saa tatu nne, na una mtaji: inveta ya wimbi safi na lithiamu, dirisha jembamba. Unakatikiwa mara chache: asidi, au usinunue kabisa mpaka masika yapite uone.

Taa zinang'aa zaidi jirani akiwasha pasi: usinunue chochote leo. Zima meini, piga simu ya dharura.